Aliyeonja Mahali Pangu

Waliofanya jambo hili nawajua wote, wao na baba zao, lakini majina sitaandika. Wana wajukuu, na mjukuu hana kosa. Nitawataja kwa kazi zao na kwa undugu wao, na mwenye kujijua atajijua. Shule yangu ni darasa la kanisa tu, la kujua kusoma Neno na kuandika barua fupi. Mkiona nimeruka mahali, mjue ni pale panaponiuma.

Tulikuwa tunakaa kwenye shamba la mzungu, katikati ya Kitale na Kiminini, miaka ile baada ya nzige kupita. Mume wangu alilima kwa ng'ombe. Kwao ni upande wa Bungoma, si mbali na Chwele. Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana. Wawili walimtangulia na hawakukaa, kwa hiyo huyu nilimbeba mgongoni mpaka watu wakanicheka, ati mtoto ana meno yote na bado anabebwa.

Mzungu hakutaka pombe katika wiki. Jumapili aliruhusu chungu kimoja kwa kambi yetu, na chungu hicho ndicho kilichokusanya watu wanne ambao, wangezaliwa mahali pengine, hawangejuana. Wa kwanza ni mume wangu. Wa pili ni mzee wa mlimani, mchungaji wa ng'ombe, mtu wa Elgon anayejua mizinga ya nyuki kuliko anavyojua watoto wake. Wa tatu ni mpishi wa mzungu. Wa nne ni fundi wa mikokoteni, mtu wa upande wa Malaba, mwembamba, mcheshi, asiye na mke. Huyo fundi ndiye marehemu katika maneno haya.

Hawa hawakuwa walevi. Walevi nawajua, nimelala karibu nao. Hawa walikuwa wapenzi wa pombe, na ni kitu kingine. Mlevi hajali amekunywa nini. Hawa wangekaa na chungu kimoja kuanzia watu wanatoka kanisani mpaka ng'ombe wanarudi, kila mtu na mrija wake mrefu, wakibishana juu ya funda moja kama wazee wanaobishana juu ya mpaka wa shamba. Kila mtu alileta ya kwao ili wengine wakubali kushindwa. Mzee wa mlimani akitoka likizo alikuja na kibuyu cha pombe ya asali, akasema hii ni ya maua ya msituni juu kabisa, si ya maua ya mahindi yenu haya. Fundi alisifu wimbi mtupu wa kwao. Alisema mahindi ni chakula cha punda, mtu hawezi kutoa pombe kwa punda. Mume wangu hakusema mengi. Aliniangalia tu mimi, kwa sababu busaa, pombe ya mahindi ya kwetu, niliipika mimi.

Nitasema ukweli ingawa unaniaibisha: niliipenda kazi ile. Unga wa mahindi unaulowesha kidogo, unaufunika kwa majani ya mgomba mpaka unachacha. Unaukaanga kwenye bati juu ya moto, unaugeuza na kuugeuza mpaka unakuwa na rangi ya udongo wa kichuguu. Hapo jasho lako na moshi ni kitu kimoja. Halafu kimea cha wimbi, ambacho umekiotesha na kukianika na kukisaga. Wengi huharibu kwenye kimea. Wanakianika harakaharaka juani, kinakauka nje, ndani bado kina maji. Mimi nilikianika juu ya mwamba nyuma ya zizi, nikakigeuza kama mtoto mchanga.

Fundi alijua. Jumapili moja alivuta funda, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka mpishi akamwuliza kama amelala.

"Shemeji," akaniita, macho bado amefumba. "Wiki hii kimea hukukianika kwenye mwamba."

"Mvua ilinyesha, nikakianika mkekani."

"Si nilisema!" Akawageukia wenzake. "Nyinyi mnakunywa tu kama mifereji. Mimi nakaa hapa naona mpaka mkeka."

"Utaona mpaka mifupa ya nyanya yako," mzee wa mlimani akamwambia. "Sogeza mrija, umeziba mahali pangu."

Siku nyingine mpishi alileta nusu chupa aliyoificha ndani ya koti. Ilikuwa pombe ya matofaa, yale matunda ya wazungu, aliyoitengeneza bwana wake mwenyewe kwenye pipa. Mpishi alituonyesha jinsi bwana na majirani zake wanavyokunywa Jumamosi barazani: wanaizungusha kwenye glasi, wanainusa, wanaangalia mbali kama mtu aliyefiwa, halafu mmoja anatoa neno moja na wengine wanatikisa kichwa. Tulicheka. Lakini mimi nilijua ugonjwa ni mmoja.

Mzee wa mlimani alionja akatema. "Hii ni mkojo wa ng'ombe mwenye homa."

"Ngojeni bana," fundi akasema. Alikuwa anaiviringisha mdomoni. "Msikimbie. Mbele ni chachu tupu, lakini kuna kitu kinakuja nyuma, polepole. Kama mgeni anayepiga hodi mlango wa jikoni."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hata pombe ya mzungu aliitafutia wema wake.

Sasa nieleze desturi, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa nilivyoangamia. Kwetu, na kwa hao wengine pia, aliyepika pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wanywaji wote. Si heshima, ni usalama. Akishameza wakamwona amemeza, basi mirija inaingia. Chungu ambacho mpishi wake hajaonja, mtu mwenye akili haweki mdomo.

Nami nilikuwa nimeingia darasa la ubatizo. Wale wawili waliokufa walinipeleka huko. Nilimwambia Mungu, huyu wa tatu niachie, nami nitakupa unachotaka. Mwalimu wa darasa akaniambia Mungu anachotaka: pombe isiguse midomo yangu tena. Nikasimama mbele ya watu nikaapa. Nilipomwambia mume wangu sitapika tena, hakupiga kelele. Alikuwa anafunga kamba ya ngozi. Alisema, "Uliapa kwa mdomo. Mikono yako sijasikia imeapa."

Nikaenda kwa mwalimu. Akakuna kidevu, akasema, "Mume akikulazimisha kupika, dhambi ni yake. Wewe usionje tu." Ninamtaja huyo sasa. Alinipa ruhusa ya nusu, na nusu ile ndiyo iliyonikata.

Nikawa napika bila kuonja. Nilitumia pua na sikio. Pombe inapochacha inasema ndani ya mtungi. Ikisema harakaharaka bado ni mtoto, ikianza kunong'ona iko tayari. Jumapili ya kwanza nikaweka chungu chini, nikaongeza maji moto ndani, nikarudi nyuma. Hakuna aliyeingiza mrija.

"Mama, onja," mzee wa mlimani akasema.

"Mzee, nimeapa."

"Kuapa ni kwako. Tumbo ni langu."

Mume wangu akaangalia chini. Angeweza kuonja yeye, ni pombe ya nyumba yake. Hakufanya. Nafikiri aliona haya mbele ya wenzake, kwamba mke ameapa bila ruhusa yake. Mimi nilibaki nimesimama pale kama mwizi, mpaka fundi akainuka, akatoa mrija wake kwenye mwanzi aliozoea kuubeba mgongoni.

"Nitamwonjea shemeji," akasema. "Mimi sina mke wa kunililia wala mtoto wa kugombania godoro. Na nikifa, jamani, nitakuwa nimekufa nimeshiba." Akavuta funda refu, akashika shingo, akajiangusha chali, miguu juu. Tukapiga kelele. Akainuka anacheka. "Pombe nzuri, bana! Imeniua kidogo tu."

Hata mzee alicheka. Tangu siku hiyo fundi ndiye aliyeonja mahali pangu, kila Jumapili, mwaka mzima na zaidi. Wakafanya ni mchezo. Mara aanguke, mara apofuke, mara ajifanye anaona mababu. Sisi sote tulioiona desturi ikivunjwa tulikaa tukacheka. Kosa lile si la mtu mmoja, lakini lilikuja kulipwa na mmoja.

Alianza kukonda. Nilimwona alivyoufunga mshipi wa suruali kwa kamba, na kamba ikawa inazunguka mara mbili. Nikamuuliza, "Shemeji, unakula?" Akasema anakula mpaka sahani. Wakati mwingine alikaa amejikunja, mkono chini ya mbavu, mrija mdomoni.

Jumapili moja ya kuvuna mahindi alionja, hakufanya mchezo wowote. Akaniambia, "Leo umepita wote, shemeji. Leo hata kwetu hakuna." Akanywa na wenzake mpaka jioni, akaenda kwake. Jumatatu hakutokea kazini. Tulimkuta anatapika damu nyeusi kama majani ya chai. Jumanne wakampakia kwenye mkokoteni alioutengeneza yeye mwenyewe, kwenda hospitali Kitale. Hawakufika. Walirudi naye amefunikwa blanketi la mume wangu.

Nililia kama mtu aliyefiwa na ndugu. Sikujua bado kwamba ninaililia na nafsi yangu.

Kaka yake alikuja kuchukua mwili, mtu mrefu, hapandishi sauti. Akauliza maswali matatu. Kabla ya kuugua alikunywa wapi? Wakamwambia. Nani aliyeonja? Wakamwambia marehemu mwenyewe. Kwa nini si mwenye kupika? Hapo kila mtu akaangalia mahali pake. Mzee wa mlimani alisema, "Mwanamke hakuonja. Tangu zamani haonji." Simlaumu mzee, alisema alichoona. Namlaumu mpishi, aliyekuwa pale amekunja mikono juu ya aproni yake nyeupe na hakusema kitu. Alikuwa na neno la kusema. Nitalifikia.

Mzungu alisema hataki fitina kwenye kambi yake, kila mtu aende kwao. Tukarudi Chwele, mimi na mume wangu na mtoto, na habari ilikuwa imefika kabla yetu. Wanawake kisimani walichota wakaondoka nilipotua mtungi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alimchukua msichana wangu akale kwake. "Ni kwa muda tu," akasema, "mpaka mambo yatulie." Alisema hivyo huku anamfuta mtoto mdomoni uji nilioupika mimi asubuhi.

Wazee wa ukoo wakaketi na kaka wa marehemu. Jambo halikuwa gumu kwao. Wakasema: mwanamke apike tena, vilevile, mbele ya mashahidi, na aonje wa kwanza mbele ya watu wa marehemu. Akinywa, amesafishwa. Asiponywa, ukoo haukai na mwanamke wa sumu. Atarudi kwao, na mtoto ni wa ukoo, atabaki.

Basi ilikuwa hivyo tu. Funda la pombe upande mmoja, mtoto wangu upande mwingine.

Nilienda kwa mwalimu wa darasa, ambaye siku hizo alikuwa amehamishiwa kanisa la upande wetu. Nilikuta anapanga viti. Nikamweleza yote.

"Usinywe," akasema. "Mungu anajua huna kosa. Atakutetea."

"Mwalimu, atanitetea kwa nani? Mungu hakai kwenye kile kikao. Wanaokaa ni wazee saba na kaka wa marehemu."

"Dada yangu, uliapa."

"Niliapa ili mtoto abaki. Sasa kiapo ndicho kinachomtoa."

Akapanga kiti kingine. "Ukinywa," akasema, "ubatizo usahau. Jina lako nitalifuta, na sababu nitaisema mbele ya kanisa." Hata hakuketi. Nimewasamehe watu wengine kidogokidogo, huyu sijaanza.

Mume wangu aliniambia, "Kunywa tu, iishe." Kama mtu anayesema meza dawa. Nami nilishaamua tangu wifi alipomfuta mtoto mdomo. Nilisema Mungu ni mkubwa, ataelewa. Mtoto ni mdogo, hataelewa.

Nikapika. Wifi alikaa na mimi siku zote, akiangalia mikono yangu. Nilikaanga unga, nikaanika kimea juu ya jiwe la pale nyumbani. Na hapa ndipo naona haya zaidi: nilisahau. Kuna saa nilisahau kwa nini ninapika. Niligeuza kimea nikafurahia harufu yake, nikainamisha sikio kwenye mtungi nikasikia inanong'ona, nikasema moyoni, fundi angeisifu hii. Mtu aliyekuwa ananyang'anywa mtoto alikuwa anafurahia pombe yake. Sijui moyo umetengenezwa namna gani.

Siku ilipofika walikaa kwenye ua, mchana kweupe. Mume wangu karibu na wazee, kaka wa marehemu upande wa pili na watu wake wawili. Mwalimu pia alikuja, akasimama karibu na ua wa miiba na daftari lake. Mtoto sikumwona. Nikaweka chungu chini, nikaongeza maji moto. Mzee mmoja akanipa mrija.

Nikavuta funda la kwanza nikameza. Sikuwa nimeonja kitu kile karibu miaka miwili. Nilikuwa nimeipika, nimeinusa, nimeisikiliza, lakini utamu wake nilikuwa nimesahau. Uchachu ulikuja kwanza, halafu moshi wa bati, halafu nyuma kabisa wimbi, taratibu, tamu. Nikaelewa alichokuwa anafumbia macho yule mtu. Machozi yalinitoka, nikavuta la pili, na la tatu, ili wasiseme nimelamba tu. Nikaondoa mrija.

"Amekunywa," mzee akasema. Nikasikia watu wakishusha pumzi. Nilimtafuta wifi kwa macho nimwambie alete mtoto.

Kaka wa marehemu akainuka. Alisema polepole, kama kawaida yake. "Wazee, ninashukuru. Nimeona. Nilikuja hapa nikiambiwa mwanamke huyu hawezi kunywa, ana kiapo cha Mungu. Kumbe anaweza. Leo ambapo anajua hakuna kitu ndani, amekunywa. Basi mniambie, zile Jumapili alikuwa anakataa nini?"

Mimi nilifungua mdomo, na mdomo wangu ulinuka pombe.

"Mwalimu huyu hapa," akaendelea. "Mwalimu, huyu aliapa au hakuapa?"

"Aliapa," mwalimu akasema. "Mbele ya watu."

"Anayemdanganya Mungu, mimi atanisaza?"

Hapo palikuwa na mahali pa mume kusema. Angesema, ameapa kweli, nami nilimlazimisha kupika. Angesema, Jumapili ile sisi wote tulikunywa chungu kilekile, mbona niko hai? Maneno haya si marefu. Mtu anaweza kuyasema kwa pumzi moja. Nilimwangalia. Alikuwa anachora ardhi kwa kijiti. Baadaye aliniambia aliogopa watu wa marehemu wangesema wamekula njama mke na mume. Mimi naona aliogopa kuonekana mtu aliyeshindwa na mke wake. Kwa lawama mume wangu ndiye wa kwanza, hata nikimtaja mwisho.

Wazee walinong'onezana. Wakasema nirudi kwetu. Kesho yake asubuhi wifi alimpeleka mtoto kutafuta kuni upande wa mto, mapema, na mimi nikatolewa na furushi la nguo zangu na jembe moja. Nilisubiri njiani pale mto unapovukwa mpaka jua likawa kichwani. Hawakupita. Kuni kumbe walienda kutafuta upande mwingine.

Kwa kaka yangu sikukaa. Nyumba yenye mabinti wa kuozwa haiwezi kuwa na shangazi anayeitwa mtu wa sumu. Nikaenda Kitale, na mpaka leo nakaa Matisi, nashona magunia kwenye ghala la mahindi. Vidole vyangu vimekuwa kama pembe. Sijapika pombe tena wala sijarudi kanisani. Jirani zangu wanapika; upepo ukileta harufu najua nani ameharakisha kimea, na nafunga mlango.

Miaka ilipita, vita vikaja vikaisha. Mume wangu alikufa kwa homa, nikasikia ameshazikwa. Juzijuzi hapa, msimu uliopita wa mvua, mzee mmoja mwenye fimbo alisimama mbele ya chumba changu. Nilimjua kwa jinsi alivyokunja mikono. Alikuwa mpishi.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kusema kitu, kifua changu hakinipi muda mrefu."

Nilimpa chai kwa sababu ni mgeni. Akasema miezi mitatu kabla ya kifo, alipokuja mjini kumnunulia bwana wake vitu, alimleta fundi hospitali. Mganga msaidizi alimbonyeza tumbo akasema ana kidonda ndani, na pombe ni kifo chake. Njiani kurudi fundi alimshika mpishi mkono, akamwapisha. "Usiwaambie. Wakijua watanitoa kwenye chungu. Nitakaa wapi Jumapili? Sina mwingine ila nyinyi." Mpishi akanyamaza kwa urafiki. Fundi alipokufa akanyamaza kwa hofu, ati watamuuliza kwa nini alimwona mgonjwa anakunywa akamtazama.

"Na siku ya wazee?" nikamwuliza. "Ulijua nitafukuzwa?"

"Nilisikia."

"Ulijua nina mtoto?"

"Shemeji, nilikuwa nikilala nawaona ndotoni, wewe na mtoto."

"Mimi nilikuwa silali," nikamwambia. Nikachukua kikombe mkononi mwake kabla hajamaliza. Halafu nikamsikia anavyokohoa, nikamrudishia. Bado namlaumu. Lakini yule fundi naye, mtu mwema kuliko wote, alijua ana kidonda, na bado aliinuka kila Jumapili kuonja mahali pangu. Sijui nimuweke wapi. Siwezi kumtaja na wale, na siwezi kumtoa.

Nilijua binti yangu ameolewa Kiminini, anauza viazi vitamu kando ya barabara. Nilikuwa nimempita mara nyingi nikiwa nimejifunga leso mpaka machoni. Kwake sikuweza kwenda. Mama mkwe haendi nyumba ya mkwe bila kuitwa, na mimi nani angeniita? Nikamwambia mpishi, "Kesho tunaenda pamoja. Utasema kwa mdomo wako."

Tulimkuta ameketi juu ya gunia, mtoto mgongoni, mtoto mkubwa wa kutembea. Nikajitambulisha. Hakushtuka. Alisema, "Nilikuwa nafikiri ni wewe. Unapitaga." Mpishi akasema yote, na kikohozi chake, kuanzia hospitali mpaka kiapo. Binti yangu alisikiliza huku anapanga mafungu ya viazi, vikubwa chini, vidogo juu. Mpishi alipomaliza, binti akauliza swali moja, na aliniuliza mimi.

"Ile siku ulikunywa kiasi gani?"

"Mafunda matatu."

"Shangazi alisema ulikunywa mpaka chini ukacheka. Ati ulikuwa unacheka wakati wanasema nibaki."

"Sikucheka."

Akaniangalia usoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta mahali alipowahi kupita akiwa mdogo. Nilisubiri. Nilikuwa nimengoja nusu ya maisha, ningeweza kungoja tena.

"Sawa," akasema.

Mteja alikuja, akamhudumia. Nikasema basi nipe fungu moja. Alinifungia kwenye jani la mgomba, halafu akachukua viazi viwili vizuri kutoka fungu lingine akaniongezea juu. Ni nyongeza. Ndivyo wanavyofanya kwa mteja wanayetaka arudi.

"Asante, mama," akasema. Sijui kama alisema mama ile ya kila mwanamke au ile nyingine. Mtoto mgongoni alikuwa ameamka, ananiangalia, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imejaa viazi.